Walipimaje bila setilaiti? Grand Canyon na ramani zake

Ukitaka kuanzisha mabishano kwenye kundi la WhatsApp, andika tu kwamba Mlima Kilimanjaro una mita 5,892. Hazipiti dakika tano. Mmoja atakujia juu: vitabu vyote vya shule vinasema 5,895. Wa pili atasema theluji imeyeyuka, mlima umefupika. Wa tatu, ambaye huwa hakosekani, ataifunga kesi: "Hao wa zamani walikuwa wanakisia tu. Setilaiti walikuwa nazo?"

Huyo wa tatu ndiye ninayetaka kuzungumza naye. Swali lake si la kipuuzi. Mtu wa mwaka 1870, asiye na ndege wala setilaiti, alijuaje kimo cha mahali ambapo mguu wake haukufika? Na ramani aliyotuachia tuiamini kiasi gani?

Kilimanjaro ni mfano mwepesi. Mlima unajitangaza wenyewe, unauona kutoka mbali na kuulenga kwa darubini ukiwa umesimama penye usalama wako. Bonde linajificha. Ndiyo maana nitakupeleka mahali pagumu zaidi: Mto Colorado, magharibi mwa Marekani, kwenye kipande chake kinachoitwa Grand Canyon. Ni korongo lenye urefu wa kilomita 446, kina kinachozidi kilomita moja na nusu, na upana unaofika kilomita 29 mahali pengine. Hadi mwaka 1869, sehemu kubwa ya nchi inayozunguka korongo hilo ilikuwa doa jeupe kwenye ramani za serikali ya Marekani.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo wengi hupotea. Ramani ya kawaida, kama ile ya simu inayomwelekeza bodaboda, inakuonyesha kitu kiko wapi: kushoto, kulia, mbele, nyuma. Ramani ya topografia inaongeza jambo moja zito, nalo ni juu na chini. Inakuonyesha sura ya nchi yenyewe, vilima na mabonde, kwenye karatasi iliyo bapa.

Hilo hufanywa kwa kontua. Kontua ni mstari unaounganisha sehemu zote zenye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Fikiria lambo la kunyweshea ng'ombe wakati wa kiangazi. Maji yanapungua kidogo kidogo, na kila yanapotua kwa siku kadhaa yanaacha alama ya tope kuzunguka kingo. Lambo likikauka kabisa, unaona michirizi kadhaa, mmoja juu ya mwingine. Penye ukingo uliolala, michirizi imeachana. Penye ukingo uliosimama, imebanana. Panda juu ya mti ulio kando, uiangalie kutoka juu, umeshaona ramani ya topografia. Waliosoma kusoma ramani sekondari watakumbuka mistari hiyo ya rangi ya kahawia, na ule uzi tuliokuwa tukiulaza juu ya reli iliyopindapinda ili kupata urefu wake.

Sasa jambo ambalo shuleni hawakulikazia. Kontua haipimwi hatua kwa hatua. Hakuna mtu aliyetembea kuzunguka kilima kizima kwenye kimo cha mita 1,200. Mpima hupata kimo cha nukta kadhaa, kisha mistari huchorwa kupita katikati ya nukta hizo huku akiangalia umbo la ardhi iliyo mbele yake. Kwa hiyo kwenye ramani yoyote ya zamani kuna vilivyopimwa na kuna vilivyochorwa kwa jicho. Karibu mabishano yote kuhusu ramani za zamani yanatokana na kuvichanganya viwili hivyo.

Turudi Colorado. Mwanzoni mwa 1858, luteni wa jeshi la Marekani aitwaye Joseph Christmas Ives aliupanda mto huo kwa meli ndogo ya mvuke kutokea baharini, hadi meli ikagonga mwamba kwenye Black Canyon. Akaendelea kwa miguu na nyumbu, akiongozwa na wenyeji, akiwemo Ireteba wa watu wa Mojave, mpaka akashuka kwenye sakafu ya Grand Canyon. Msafara wake ulikuwa na mchoraji ramani hodari, Friedrich von Egloffstein, aliyeichora nchi ile kwa vivuli vya kuvutia sana. Ives mwenyewe aliandika kwamba pale hapana faida yoyote, na kwamba kundi lake huenda likawa la kwanza na la mwisho la Wazungu kupatembelea. Siku hizi watalii wanaofika hapo kwa mwaka huhesabiwa kwa mamilioni.

Miaka kumi na moja baadaye, tarehe 24 Mei 1869, John Wesley Powell aliondoka kituo cha reli cha Green River, Wyoming, kwenye mto unaoingia Colorado, na wanaume tisa na mashua nne. Powell alikuwa na mkono mmoja, wa kulia aliupoteza vitani Shiloh mwaka 1862. Nia yake ilikuwa kuteremka na mto hadi mwisho wa korongo, akipima njiani.

Akipima vipi? Mwelekeo ulisomwa kwa dira kila mto ulipokata kona, na umbali kutoka kona hadi kona ulikadiriwa kwa macho. Hapo bwana wetu wa WhatsApp ana haki yake: hiyo ni kukisia, ingawa ni kukisia kwa mtu aliyezoea. Kila baada ya muda walisimama, wakalipima jua au nyota ili kujua wako latitudo gani, na kosa lililokuwa limejikusanya likarekebishwa. Ni kama mtu anayehesabu hatua gizani, kisha akipapasa nguzo anayoijua anaanza hesabu upya.

Kimo kilipatikana kwa barometa. Hewa ina uzito. Ukiwa pwani, hewa yote iliyo juu yako inakandamiza zebaki ndani ya bomba la kioo na kuipandisha hadi sentimita 76 hivi. Ukipanda mlima, sehemu ya hewa umeiacha chini yako, mzigo unapungua, zebaki inashuka. Mama yeyote wa Makete au Njombe anaijua fizikia hii kwa upande wa jikoni: kwao maharage huchukua muda mrefu kuiva kuliko Dar es Salaam, kwa sababu maji yao huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Pale Grand Canyon, ukitoka mtoni hadi ukingo wa kusini unapanda zaidi ya mita 1,300, na zebaki inashuka kwa sentimita 10 na zaidi. Tofauti hiyo inasomeka vizuri kabisa kwa macho.

Tatizo ni kwamba hewa haitulii. Mvua ikikaribia, zebaki inaweza kushuka nusu sentimita nawe umekaa palepale, na hesabu itakwambia umepanda mita 60 hivi. Dawa yake ni kuwa na barometa ya pili iliyobaki mahali pamoja, isomwe saa zilezile, ili mabadiliko ya hali ya hewa yaondolewe kwenye hesabu. Tatizo lingine ni bomba lenyewe: kioo kirefu, chembamba, kilichojaa zebaki, kinapelekwa kwenye maporomoko ya maji ndani ya mashua ya mbao.

Wiki mbili tu za safari, mashua yao moja ikapasuka vipandevipande kwenye mawe ya korongo la Lodore. Ramani na maandishi yote ambayo Oramel Howland alikuwa ameyachora hadi hapo yakaenda na maji. Barometa nazo zilikuwa kwenye mabaki ya mashua yaliyokwama katikati ya mto. Kesho yake wanaume wawili wakahatarisha maisha kuzifuata, na Powell aliyekuwa ukingoni akawasikia wakipiga kelele za shangwe. Akafarijika kuona vijana wake wanavithamini hivyo vyombo vya sayansi. Kumbe pamoja na barometa walikuwa wameopoa pipa dogo la wiski lililopakiwa humo bila Powell kujua.

Tarehe 30 Agosti walikuwa wameshatoka korongoni, wakiwa sita. Mmoja alikuwa ameacha safari mapema. Howland, mdogo wake na mwenzao mmoja walikuwa wamekata tamaa siku mbili kabla, wakapanda juu kwa miguu, wakauawa huko.

Walichokileta, tuwe wakweli, kilikuwa ramani ya njia: uzi mmoja wa mto uliopindapinda, pembeni mwake patupu. Powell aliijua kasoro hiyo. Ndiyo maana alirudi mwaka 1871, na mara hii kazi ya ramani akamkabidhi shemeji yake, Almon Harris Thompson. Hapa ndipo kazi ilipobadilika.

Majira ya baridi ya mwaka huo walipiga kambi karibu na Kanab, kijiji cha walowezi Wamormoni kusini mwa Utah, wakapima mstari mmoja ulionyooka kwenye uwanda, urefu wake maili tisa, yaani kilomita 14 na ushei. Waliupima kwa fito za mbao, zikilazwa ncha kwa ncha, zikisawazishwa, zikiinuliwa na kulazwa tena. Kwa anayepita ni kazi ya kichaa. Lakini mstari huo ndio mzizi wa ramani yote.

Twende uwanja wa mpira wa kijijini. Simama kwenye kibendera cha kona moja, ulenge mnara wa simu ulio ng'ambo ya bonde, usome pembe iliyopo kati ya mstari wa uwanja na mnara. Tembea hadi kona nyingine, fanya vilevile. Upana wa uwanja unaujua kwa sababu umeupima kwa futi kamba. Sasa una upande mmoja na pembe mbili, na pembetatu ya namna hiyo haina njia ya kuwa na umbo lingine. Umbali wa kufika kwenye mnara unatoka kwa hesabu, na bonde hujalivuka. Kisha ule mstari wa kutoka kwako hadi mnarani, ambao sasa unajua urefu wake, unakuwa uwanja mpya wa kupimia kilima cha mbali zaidi. Pembetatu inazaa pembetatu, hadi umeifunika nchi nzima kama wavu. Ukiinua darubini kidogo na kusoma pembe ya kwenda juu, unapata na kimo.

Huo ndio upimaji wa pembetatu. Kosa la hatua chache kwenye mstari wa msingi lingekua na kukua kila wavu ulipotanuka, kwa hiyo walikuwa na sababu ya kuchukua wiki kadhaa wakilaza fito kwenye baridi. Wapima wa viwanja vyetu wanaokuja na kusimika bikoni ni wajukuu wa kazi hiyohiyo.

Thamani yake ilionekana katikati ya 1872. Thompson alikuwa anavuka nchi kavu kwenda kuchukua mashua waliyoiacha kwenye mdomo wa mto ambao watu wa Powell waliuita Dirty Devil, Shetani Mchafu, kwa tope lake na harufu yake. Akateremka kwenye bonde moja akiamini anaufuata mto huohuo. Alipopanda juu na kutazama, mambo yakakataa kulingana. Maji aliyokuwa akiyafuata yalielekea kwingine kabisa, na kati yake na Dirty Devil kulikuwa na milima mizima. Mwaka mmoja kabla mashua zao zilikuwa zimepita kwenye mdomo wa mto ule bila mtu kushtuka. Akauita Escalante, kwa jina la padri Mhispania aliyesafiri pande zile mwaka 1776. Unatajwa kuwa mto wa mwisho kuingizwa kwenye ramani ya Marekani bara, na ile milima, iliyopewa jina la Henry, kuwa safu ya mwisho. Uzi wa mtu aliye ndani ya mashua hauwezi kugundua kosa kama hilo. Wavu wa pembetatu unaligundua, kwa sababu pembe zinagoma kufunga.

Ramani ya kwanza ya kazi yote hiyo ilikamilishwa ndani ya hema, Kanab, mwanzoni mwa 1873. Frederick Dellenbaugh, aliyejiunga na msafara akiwa na miaka 17, akaiviringisha ndani ya bomba la bati na kuondoka nayo juu ya farasi kuelekea Salt Lake City.

Nimesema "doa jeupe" na "kugundua", na maneno hayo yana mtego. Doa lilikuwa kwenye karatasi. Bondeni kulikuwa na Wahavasupai, Wahualapai, Wapaiute, Wahopi na Wanavajo, wenye njia, mashamba, visima na majina. Kaibab, jina la uwanda wa ukingo wa kaskazini, ni la Kipaiute, na husemwa maana yake ni mlima uliolala, ambayo ukiniuliza mimi ni topografia nzuri kuliko majina mengi yaliyofuata. Wahavasupai hadi leo wana kijiji ndani ya korongo la pembeni, na barua zao hushuka kwa nyumbu. Wapima waliongozwa na watu hawa mara nyingi. Kuingia kwenye ramani na kujulikana ni mambo mawili tofauti, na sisi wenye ziwa linaloitwa Victoria hatuhitaji kuelezwa sana.

Ramani ambayo mtu wa leo angeitambua kuwa ya topografia hasa, yenye kontua kila futi 50, ilianza mwaka 1902. Aliyeichora ni François Matthes, na chombo chake kilikuwa ubao wa mraba juu ya miguu mitatu, karatasi imebandikwa juu, na rula yenye darubini. Badala ya kuandika pembe daftarini akachore ofisini, anailaza rula juu ya karatasi, analenga kilele, anapiga mstari papo hapo. Anahamia kituo kingine, analenga kilele kilekile, anapiga mstari wa pili. Mistari ikikatana, kilele kimeshajiweka mahali pake. Ramani inazaliwa mbele ya nchi yenyewe, na mchoraji akikosea anaona.

Sehemu kubwa aliichora akiwa ukingoni, akiangalia chini. Lakini ilibidi pia avuke, wanyama wakiogelea mtoni, na aliporudi kutoka upande wa kaskazini kwa kufuata bonde la kijito cha Bright Angel walikivuka kijito hicho mara 94. Ukizitazama kuta alizochora Matthes utashangaa zinavyofanana na picha za leo. Palipojificha nyuma ya miamba, mahali pasipoonekana kutoka ukingoni, hapo usimdai sana.

Na mto wenyewe, uliokuwa chini kabisa? Mwaka 1889 kampuni moja ilitaka kupitisha reli ndani ya korongo. Rais wake, Frank Brown, aliingia mtoni bila maboya ya kujiokolea, akazama Julai mwaka huohuo, na wawili wengine siku chache baadaye. Mhandisi Robert Stanton alirudi akaimaliza kazi mwaka 1890, akaacha picha nyingi za thamani. Reli haikujengwa.

Kilichofanya mto upimwe kwa makini ni mabwawa. Tarehe 1 Agosti 1923, Idara ya Jiolojia ya Marekani ilituma mashua kutoka kivuko cha Lees Ferry, mwanzoni mwa korongo, chini ya Claude Birdseye. Swali walilopewa lilikuwa moja: maji yanateremka kiasi gani, wapi, na ukuta ungekaa vizuri wapi? Mbinu yao ni ya kupendeza. Ndani ya darubini kuna nyuzi mbili za mlalo, nyembamba kiasi kwamba zamani zilitengenezwa kwa utando wa buibui. Msaidizi anasimama mbali na ufito mrefu uliochorwa namba. Mpima anachungulia: kipande cha ufito kinachoonekana kati ya nyuzi mbili kikiwa mita moja, msaidizi yuko mita 100. Kikiwa mita mbili, yuko 200. Hakuna kamba inayovutwa juu ya maji yanayonguruma. Hivyo, kona kwa kona, wakaushusha mto wote.

Walikuwa na redio, wakasikia humohumo korongoni kwamba Rais Harding amefariki. Septemba, wakiwa kwenye maporomoko ya Lava Falls, mto ulipanda kama mita sita kwa mafuriko ya ghafla na nusura uwachukulie mashua. Walimaliza Oktoba. Waongoza watalii wa mto ule bado wanahesabu maili kuanzia Lees Ferry, kama walivyohesabu wao. Lakini ramani ya 1923 haipandi mbali juu ya maji, kwa sababu aliyelipa hakuuliza habari za huko juu. Matthes alianzia ukingoni, hawa walianzia mtoni. Kabla ya kuilaumu ramani kwa kutojua jambo, uliza ilitumwa wapi.

Ndege zilipokuja, kazi ilikuwa nyepesi zaidi. Picha mbili za mahali pamoja kutoka pembe mbili hutoa kimo, kama macho yako mawili yanavyokwambia kikombe kiko umbali gani. Ramani zetu za 1:50,000 za Tanganyika zilichorwa kwa picha za angani za namna hiyo. Hata hivyo, Bradford Washburn alipoamua miaka ya 1970 kuichora upya sehemu ya kati ya Grand Canyon, picha hazikumtosha. Alitua kwa helikopta karibu mara 700 juu ya vilele na kupima kwa leza, na ramani ikatoka 1978.

Sasa setilaiti, maana najua bado unaisubiri. Setilaiti za GPS hazioni kimo chako. Zinatoa ishara, na kipokezi chako kinakokotoa mahali kilipo kulingana na tufe la kihesabu, lililobanwa kidogo juu na chini, linalowakilisha dunia. Uso wa tufe hilo si usawa wa bahari. Ndiyo maana programu nyingine za simu, ukiwa umekaa Coco Beach unakula mihogo, zitakwambia uko zaidi ya mita 20 chini ya usawa wa bahari. Lazima mtu aongeze marekebisho, na marekebisho hayo hutokana na vipimo vya uvutano, vingi vikiwa vya ardhini. Na rada iliyobebwa na chombo cha anga Endeavour mwaka 2000 kupima vimo vya dunia iliacha mashimo penye makorongo yaliyosimama, kwa sababu mawimbi yake hayakufika kwenye kivuli. Mashimo mengine yalijazwa kwa data zilizotokana na ramani za zamani, zilezile za "kukisia".

Kuhusu Kilimanjaro: 5,895 ilitokana na pembe zilizopimwa mwaka 1952 kutoka mbali, na hewa hupinda mwanga kidogo. 5,892 ni ya vipokezi vya GPS vilivyopandishwa kileleni mwaka 1999. Tofauti ya mita tatu kwenye mlima ule ni sawa na kukosea milimita moja kwenye ufito wa mita mbili. Theluji haihusiki, wala hakuna aliyeiba.

Ramani za mto za miaka ile ya 1920 zilisaidia kuchagua mahali pa mabwawa. Hoover Dam ilizinduliwa 1935 kwenye Black Canyon, korongo lilelile ambamo meli ya Ives iligonga mwamba, na nyuma yake likajaa ziwa Mead. Mwaka 1983 lilifurika hadi pomoni. Tangu 2000 ukame umelishusha, na majabali yanayolizunguka yamebaki na mkanda mweupe wa chokaa, mwaka 2022 ulikuwa na kimo cha zaidi ya mita 40. Ukingo wake wa juu umenyooka sawasawa, unaingia kila bonde na kuzunguka kila pua ya mwamba bila kupanda wala kushuka, kama alama ya tope kwenye lambo.